Mtoto Hasikii

Mwalimu wa mwanangu aliandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa daftari la Sayansi: "Mtoto hasikii. Mzazi fika shuleni." Nilisimama jikoni na lile daftari mpaka maharage yakaungua. Mwenye daftari alikuwa uani, amejikunja juu ya redio mbovu ya bibi yake tangu saa nane mchana, bisibisi mkononi, hajala, hajanywa, hajainua kichwa. Ana miaka 9, yuko darasa la tatu.

Mimi ni mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu akipatwa na jambo hukimbilia kulekule alikozoea. Nyie wasomaji wa ukurasa huu mmenizoea kwa riwaya na diwani. Leo mniwie radhi, nawaletea rafu nyingine: vitabu vya ADHD, ile hali ya mtoto (na ya mtu mzima, tutafika huko) ambaye umakini wake hautulii, au mwili wake hautulii, au vyote viwili kwa pamoja. Nimevisoma kwa njia ileile ninayosomea riwaya, maana njia nyingine siijui. Naangalia nani anasimulia, anamsimulia nani, na nani hayumo kabisa.

Lakini kabla ya vitabu, lile neno la mwalimu. Hasikii.

Kiswahili kimefunga mambo matatu ndani ya kitenzi hiki kimoja: sauti kuingia sikioni, maana kuingia akilini, na mwili kutenda. Tukisema mtoto ni msikivu hatumaanishi masikio yake ni mazima, tunamaanisha anafanya alichoambiwa. Mtukutu tunasema hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Ukizipanga methali hizi unaona zote zina hesabu moja: ukisikia utatenda. Usipotenda, basi hukusikia. Na kama ulisikia na hukutenda, wewe ni jeuri, na jeuri dawa yake inajulikana.

Si methali peke yake. Sehemu kubwa ya ushairi wetu mkongwe imejengwa juu ya hesabu hiyohiyo. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858. Shaaban Robert, ambaye sisi watu wa Tanga tunamhesabu kama jamaa yetu, naye aliwatungia wanawe tenzi za mawaidha. Ni kazi ninazozipenda, sitaki mtu anielewe vibaya. Ila hazina shaka hata chembe kwamba neno jema likisemwa kwa upendo litashika. Sasa je, likisemwa kwa upendo, likasikika, likaeleweka, hata likakaririwa, na bado lisitendeke? Hapo wasia wetu unanyamaza. Nilikuwa nahitaji mtu wa kuniandikia kuanzia hapo.

Shuleni nilimkuta mwalimu kachoka, na haki yake, darasa lina watoto 94. Akaniambia, "Mama, nasema fungueni ukurasa wa 20, wenzake wote wanafungua, yeye anatazama dirishani." Nikamwuliza, "Ukimwuliza umesema nini, anajibu?" Akasema, "Anajibu vizuri tu! Ndiyo maana naona ni jeuri."

Nikarudi nyumbani na hilo. Anajibu vizuri tu.

Kitabu cha zamani kuliko vyote nilivyosoma ni cha Mjerumani, Der Struwwelpeter cha Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt. Kinapatikana bure kwenye intaneti kwa sababu hakimiliki yake ilishakwisha zamani. Hoffmann alikitunga na kukichora mwenyewe Krismasi ya 1844 kwa ajili ya mwanawe wa miaka mitatu, baada ya kuzunguka madukani akakosa kitabu cha kumridhisha. Kikachapishwa 1845. Katika matoleo yaliyofuata akawaongeza vijana wawili ambao nimewasoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Mmoja ni Philipp, hatulii mezani, anabembea na kiti mpaka anakwenda chini na kitambaa cha meza na chakula chote. Mwingine ni Hans, anatembea akitazama juu, mbayuwayu na mawingu, mpaka anatumbukia mtoni. Anaopolewa, ila mkoba wake wa shule unakwenda na maji, na samaki watatu wanamcheka.

Madaktari humtaja sana Philipp kama picha ya mapema ya mtoto mwenye ADHD. Mimi Hans ndiye aliyenishika. Ule mkoba unaoelea naujua. Mwaka huu peke yake tumenunua mabegi mawili.

Kinachonivutia kama mhakiki ni mahali alipokaa msimulizi. Amekaa mezani upande wa baba. Philipp akianguka, shairi linahuzunika kwa ajili ya wazazi, maana chakula kimekwisha mwagika na sasa watakula nini. Hakuna anayemwuliza Philipp kama ameumia. Na huyu Hoffmann baadaye alikuja kuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, kwa hiyo si kwamba hakuwa na jicho. Jicho alikuwa nalo kali, aliwaona watoto wawili ambao vitabu vya udaktari vilichukua zaidi ya karne kuwaandika. Alichokosa ni kiti upande wa pili wa meza. Hata George Still, daktari wa watoto wa London aliyetoa mihadhara maarufu mwaka 1902 kuhusu watoto wa namna hii, aliita shida yao upungufu wa kujitawala kimaadili. Kwa Kiswahili cha shule ya mwanangu: hasikii.

Sasa nivuke kutoka kwa mtoto anayeonywa hadi kwa mtu anayejieleza. Hiyo ni hatua kubwa, na katika vitabu nilivyovipata aliyeivuka kwa kishindo ni Edward Hallowell pamoja na mwenzake John Ratey, katika Driven to Distraction, kitabu cha 1994. Nakala yangu ni ya mtumba, nimeiokota mezani kwa muuza vitabu wa Posta, jalada limeliwa na mvua. Wote wawili ni madaktari wa akili na wote wawili wana ADHD. Hallowell anasimulia alivyokuwa mwishoni mwa mafunzo yake, mwaka 1981, akasikia hali hii ikielezwa darasani na kujitambua yeye mwenyewe ndani ya maelezo. Daktari amekaa kitini anasikiliza habari za wagonjwa, kumbe anasomewa wasifu wake!

Kitabu kimejengwa kwa visa vya watu, kimoja baada ya kingine, na nguvu yake iko hapo. Nilipofika kisa cha nne nikagundua kwamba ninasoma aina ya maandishi ninayoijua vizuri sana: ushuhuda. Nilipotea, nilijichukia, nikakutana na daktari, akalitaja jina la kinachonisumbua, nikalia, nikaona mwanga. Mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano wa injili viwanja vya Jangwani anaujua mpangilio huu. Sisemi ni uongo. Machozi yale nayaamini, maana jina linapochukua nafasi ya "mvivu" lazima mtu alie. Ila ushuhuda una tabia moja, unaishia kwenye furaha. Nani anaosha vyombo kesho yake? Na tena, kisa hakisongi bila daktari. Huyo daktari ndiye mhusika mkuu wa kila hadithi, na anapatikana kwa kupiga simu tu.

Hapo ndipo msomaji wa Dar anaanza kujisikia mgeni. Wataalamu wa akili za watoto nchini ni wachache mno. Muhimbili wapo, lakini kati yako na Muhimbili kuna foleni, na kabla ya foleni kuna neno jingine zito kuliko hasikii, nalo ni Mirembe. Nilipomtajia shemeji yangu kwamba nataka mtoto aonwe na daktari wa akili, alichosema ni hicho tu, "Mirembe?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa habari za msiba. Ile ni hospitali iliyoko Dodoma, inatibu watu na wanapona, lakini kwetu jina lake limeshageuka tusi la mtaani. Hallowell hana sura ya kunisaidia kumjibu shemeji. Sura alizonazo za mwishoni, na si zake peke yake, vitabu vyote hivi vya Marekani vinazo, ni za sheria za kwao, kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 kinachompa mzazi nguvu ya kudai shule impangie mtoto utaratibu maalumu, na vyama kama CHADD, kilichoanzishwa na wazazi huko Florida mwaka 1987. Nilizisoma kurasa zile kama ninavyosoma maelezo ya theluji katika riwaya za Warusi.

Nisiwe mchoyo wa shukrani, hata hivyo. Hallowell ana kipaji cha mifano. Hupenda kumwambia mtoto kwamba ubongo wake ni gari la mashindano lenye breki za baiskeli. Mwanangu nilimtafsiria hivyo, akafikiri kidogo, akasema, "Kama ile bodaboda ya Kaka." Hasa, mwanangu. Kama ile. Na tangu siku hiyo tunazungumzia breki, hatuzungumzii tena jeuri.

Kuna jambo jingine analoliona vizuri. Jina lenyewe la hali hii lina kasoro, kwa sababu linataja upungufu. Tafsiri za Kiswahili nilizokutana nazo zimeufuata upungufu huohuo: upungufu wa umakini. Mwenye redio uani saa tano bila kula ana upungufu gani wa umakini? Umakini anao mwingi hadi unanitisha. Hauna nahodha tu. Hallowell na Ratey, katika kitabu chao cha 2021, ADHD 2.0, wamejaribu kupendekeza jina jipya lisilo na upungufu ndani yake. Halijashika na sidhani litashika, lakini jaribio lenyewe ni la watu wanaojua kwamba jina linatenda kazi hata mtu akiwa amelala.

Niseme neno kuhusu orodha za dalili, maana ndiko watu wengi wanakoanzia, na simuni zetu zimejaa majaribio ya dakika mbili yanayomwambia kila mtu kwamba anayo. Ile orodha halisi ya madaktari wa Marekani, toleo la 2013, ina dalili 18, tisa za kutomakinika na tisa za kutotulia na kukurupuka. Isomeni kama shairi, mtaona kibwagizo: katika kila dalili limo neno "mara nyingi". Mara nyingi hupoteza vitu. Mara nyingi huonekana kama hasikilizi anaposemeshwa. Kila mtu hupoteza funguo. Swali liko katika "mara nyingi", na pia katika masharti ambayo majaribio ya simu huyaruka: dalili sita za kundi moja kwa mtoto, au tano kwa mwenye miaka 17 na zaidi, ziwe zimedumu angalau miezi sita, nyingine ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, si shuleni tu wala nyumbani tu, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Hakuna kipimo cha damu. Daktari anapima kwa kusikiliza masimulizi ya nyumbani na ya shuleni. Kwa maana nyingine, anahakiki matini. Sikujua kwamba tuko kazi moja.

Na kwa wastani wa tafiti za dunia, kati ya watoto 100 watano hivi wanayo. Darasa la watoto 94, pigeni hesabu wenyewe.

Russell Barkley ndiye aliyenijibu. Naye kwa uandishi ndiye mgumu kuliko wote. Taking Charge of ADHD, toleo la kwanza 1995, kimeandikwa kama mwalimu wa madrasa anavyofundisha: anasema, anarudia, anakukazia macho, anarudia tena. Hana kisa kizuri, hana utani. Nilikiweka chini mara tatu. Mara ya nne nikafika pale anapoeleza kwamba ADHD si shida ya kujua la kufanya, ni shida ya kulifanya unalolijua, kwa wakati wake na mahali pake. Mtoto anajua. Ukimwuliza anajibu vizuri tu. Kamba iliyofunga kujua na kutenda ndiyo iliyolegea, na kamba hiyo sehemu yake kubwa ni ya kurithi. Tafiti za mapacha zinaipa kurithi asilimia 70 hadi 80 ya tofauti iliyopo kati ya mtu na mtu.

Nilifunga kitabu nikakaa. Yaani huyu mzee mkavu ndiye aliyelifumua neno kusikia nyuzi zake tatu, moja moja. Sauti inaingia. Maana inaingia. Inayokwama ni ya tatu. Na kama inayokwama ni ya tatu, kurudia ya kwanza kwa sauti kubwa zaidi (niulizeni mimi, nimeirudia kwa miaka minne) hakusaidii kitu. Barkley anasema msaada uwekwe palepale tendo linapotakiwa, si mahali pa mawaidha. Mawaidha ya jioni hayafiki asubuhi. Begi likining'inizwa kwenye kitasa cha mlango, hivi kwamba mlango haufunguki bila kuligusa, linafika.

Ana na kanuni ya kukadiria ambayo ningependa ibandikwe ukutani kwa kila mzazi wa namna yangu: katika kujitawala, mtoto huyu mtarajie yuko nyuma ya umri wake kwa asilimia 30 hivi. Miaka 9 basi, ni kama 6. Mtoto wa miaka 6 ningemtuma dukani vitu vitatu bila karatasi? Nisingemtuma. Sasa ninamchapia nini huyu?

Nimeliandika hilo sentensi ya kawaida, lakini si la kawaida. Nimemchapa. Mara ya mwisho ilikuwa kwa ajili ya daftari la Hisabati, nilitumia kandambili, na yeye alisimama ananitazama kwa mshangao wa mtu ambaye kweli hajui daftari limekwenda wapi. Nilisoma mshangao ule kama uigizaji. Mimi, ninayejidai kusoma.

Barkley hucheka mara chache, na baadaye nikajua sababu mojawapo. Alikuwa na pacha wake aliyekuwa na ADHD, akafa katika ajali ya gari, na Barkley amelisimulia hilo hadharani. Ukilijua, ukali wa kurasa zake unabadilika rangi.

Sasa niseme kuhusu kitabu kizuri kuliko vyote, ambacho pia ndicho ninachokiogopa. Gabor Maté, daktari wa Canada, Scattered Minds, 1999. Huyu ni mwandishi. Alizaliwa Budapest Januari 1944 katika familia ya Kiyahudi, wiki chache kabla ya majeshi ya Ujerumani kuingia, na babu na bibi yake wakaulia Auschwitz. Alijulikana kuwa na ADHD akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na wanawe pia. Anajiandika bila kujipamba: baba anayechelewa, anayefoka, anayekimbilia kazini kukwepa watoto. Kwa kurasa hizo tu ningempa nafasi karibu na tawasifu yoyote ninayoiheshimu.

Hoja yake lakini ni kwamba anachorithi mtoto ni wepesi wa kuguswa, si ADHD yenyewe. ADHD inakuja pale ambapo miaka ya mwanzo mama au mlezi alikuwa na msongo, akili yake haipo, hata kama mapenzi yapo. Niliisoma usiku, umeme umekatika, kwa taa ya simu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba tulipomzika baba yangu. Baba wa mtoto alipata kazi Mwanza mtoto akiwa na miezi mitano. Nikaanza kuhesabu. Kila sura ilinipa kitu cha kuhesabu, na kwa sababu imeandikwa vizuri, nilihesabu vizuri.

Maté anasema waziwazi kwamba hawalaumu wazazi. Namwamini. Lakini kitabu hakisomwi kwa nia ya mwandishi peke yake, kinasomwa na mtu mahali fulani, na mahali nilipo mimi mama ameshashitakiwa kabla kitabu hakijafunguliwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jirani yangu hakusoma Maté na alishanieleza yote hayo dukani mbele za watu, tena bure: nimemdekeza, sina mwanaume ndani, nasoma vitabu badala ya kulea. Kitabu kinachofika kwa mama wa namna hii kikiwa na sauti laini na ushahidi mwembamba kinamkuta amelala chali tayari. Barkley amekipinga hadharani, na ushahidi wa mapacha uko upande wa Barkley. Nawashauri nini basi? Kisomeni Maté kwa ajili ya Maté. Kwa ajili ya mtoto, anzieni kwa yule mkavu.

Dawa sitaizungumzia sana, ni kazi ya daktari. Nitataja tu kisa kimoja kwa wapenda majina. Mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alipoitengeneza methilifenideti mwaka 1944, mkewe Marguerite aliijaribu, na dawa ikapewa jina kutokana na Rita, jina lake la nyumbani. Ndiyo Ritalin. Mwaka 2019, na tena 2021, iliombwa iingizwe katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ikakataliwa mara zote mbili. Orodha hiyo ndiyo nchi nyingi kama zetu huitazama zinapopanga dawa za kununua. Kwa hiyo ukiona kitabu cha Marekani kinajadili kwa kurasa 30 iwe dozi ya asubuhi au ya mchana, elewa kwamba unasoma theluji tena.

Na mtu mzima? Nilimsimulia mama yangu haya yote, mtoto, breki, begi kwenye kitasa. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Hata wewe ulikuwa hivyohivyo," akasema. "Tulikuita Kichwamaji kabla Kezilahabi hajatufikia."

Nikaenda kukitafuta kile ambacho nilikuwa nakikwepa, You Mean I'm Not Lazy, Stupid or Crazy?! cha Kate Kelly na Peggy Ramundo, 1993, wanawake wawili wenye ADHD wanaowaandikia watu wazima wenzao. Kina kurasa zaidi ya 400 kwa watu wasiomaliza vitabu, na wao wenyewe wanalijua hilo na kulicheka. Kusema kweli ni kitabu kilichochakaa, mengi yake ya kitaalamu yamepitwa. Lakini anuani yake! Kiingereza kilihitaji alama mbili, ya kuuliza na ya mshangao, kubeba ambacho sisi tunakibeba kwa neno moja. Kumbe. Kumbe mimi si mvivu, si mjinga, wala si mwehu. Kiswahili hakina neno la ADHD, lakini kumbe tunalo tangu zamani, na hakuna lugha yenye haki zaidi ya kukitafsiri kitabu hiki. Ninasubiri mtu akitafsiri. Nisingoje mimi mwenyewe, maana mhariri wa ukurasa huu anajua makala haya yaliahidiwa mwezi wa Februari. Sijapimwa. Nina tarehe ya Muhimbili, yangu na ya mtoto, siku moja, na nimeiandika ukutani karibu na kitasa.

Usiku tunasoma Percy Jackson, kile kitabu cha Rick Riordan cha 2005 alichokianza kwa kumsimulia mwanawe aliyekuwa na ADHD na shida ya kusoma. Shujaa wake hatulii darasani kwa sababu yeye ni nusu mungu wa Kigiriki, mwili wake umeumbwa kwa vita. Natafsiri papo hapo, kurasa tatu kwa usiku, yeye akiwa kichwa chini miguu ukutani, ndiyo namna anavyosikiliza. Nina wasiwasi na kitabu hiki pia, kwamba kinamlipa mtoto kwa upanga badala ya kumrudishia daftari. Juzi nilimwuliza anaonaje habari ya Percy kuwa mwana wa mungu wa bahari. Akafikiri. "Mimi ni wako wewe na Baba tu," akasema. "Endelea."

Chini ya ile kalamu nyekundu nilikuwa nimemwandikia mwalimu: "Mwalimu wangu, anasikia. Anachelewa kutenda. Tafadhali, kama inawezekana, akae mbele, na ukishasema, mguse bega." Sikuandika ADHD. Niliomba pia awe anafuta ubao, apate kuinuka. Wiki ikapita kimya. Jumatatu daftari likarudi, kalamu ileile: "Sawa mama, nimemhamisha. Anafuta ubao vizuri. Kesho aje na daftari la Hisabati, amelisahau tena."